Nusu Nyuzi kwa Kila Dakika

Karakana ya Mzee Gonga ilikuwa na sheria moja tu, na haikuandikwa popote, maana kila aliyewahi kufinyanga humo alikuwa ameionja. Chombo kikitoka tanurini hakivuki kizingiti mpaka kigongwe. Mzee anakunja kidole cha kati, anagonga ubavuni mara moja, anasikiliza, kisha anatoa hukumu mbele ya aliyekichoma. Kikilia vizuri anasema, "Kinaishi." Kikitoa sauti butu anasema, "Kimekufa," na hapo hakuna rufaa: aliyekichoma anakibeba mwenyewe mpaka nyuma ya karakana, anakivunja juu ya lundo la vigae. Watu wazima na ndevu zao wamelilia pale lundoni. Walimwita mzee mkali, wakamwita mchawi, wakamwita majina ambayo siyasemi hapa, na kesho yake wakarudi kazini. Leo wote ni mafundi.

Sasa mtu wa namna hiyo anaanzaje kusema uongo? Hapo ndipo kisa chenyewe kilipo.

Mambo yalianza na macho. Kwa miaka yote mzee alikuwa akichungulia kwenye kitundu cha mlango wa tanuri lake la umeme, akisoma rangi ya moto, akikizungusha kitufe kidogo kidogo mpaka udongo uive. Hakuhitaji kipimo. Kisha macho yakaanza kumwekea ukungu pembeni, ukungu ukasogea katikati, na daktari akasema ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Mzee alibaki akiona mwanga na vivuli vya watu. Neno kipofu hakutaka kulisikia. "Macho yangu yamechoka," alikuwa akisema, utadhani yatalala kidogo yaamke. Kufinyanga aliendelea kama kawaida, kwa sababu udongo hauombi kuonwa, unaomba kushikwa. Tatizo lilikuwa moto.

Mwanawe mkubwa alikuwa na duka la vipuri katika mji mwingine. Alikuwa na nyumba kubwa, moyo mzuri na subira ndogo. Alikuja, akamkuta baba yake ameunguza kiganja akipapasa mlango wa tanuri, akasema imetosha.

"Baba, hama, ukakae kwangu. Utapumzika."

"Nikafanye nini huko? Nikae sebuleni nigonge vikombe vya chai vya mkeo?"

Kaka mtu hakucheka. Akamgeukia mdogo wake, binti wa mwisho wa nyumba ile, ambaye tangu azaliwe watu humwita Kitinda hata jina lake la shule wamelisahau. Kitinda alikuwa akiishi na baba yao tangu mama yao alipofariki, na kazi yake ilikuwa ya kompyuta katika ofisi ya bima.

"Nipeni mwezi mmoja," Kitinda akasema. "Nitalifundisha tanuri lijichome lenyewe."

"Sawa. Nitakuja Jumapili ya mwisho wa mwezi. Nikikuta linachoma vizuri bila macho ya Baba, mimi nafunga mdomo. Nikikuta halichomi, Baba anaingia kwenye gari na tanuri linauzwa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Kaka."

Mzee alikuwa amesimama pale pale, mikono imejaa udongo, wakigawana maisha yake kama vile hayupo. Hakusema kitu. Na kunyamaza kwake, kama mtu angekuwa makini, kulikuwa habari tosha.

Kitinda alifunga kipimajoto ndani ya tanuri, akaunganisha na kompyuta moja kuukuu aliyoiokota stoo ya ofisini kwao, mashine chovu isiyobeba mambo makubwa. Akaiandikia skripti, yaani mpangilio wa amri ambazo mashine inazifuata moja baada ya nyingine bila kuuliza. Mpango ulikuwa mwepesi. Unaiambia nyuzi joto ngapi zinatakiwa kupanda, na kwa dakika ngapi. Yenyewe inagawanya, inapata kila dakika ipandishe kiasi gani, inapandisha, na dakika zikiisha inazima tanuri na kumtumia Kitinda ujumbe kwenye simu: *Kazi imekamilika.*

Jaribio la kwanza lilikuwa la vikombe vidogo. Nyuzi mia saba na hamsini kwa dakika mia mbili na hamsini, tatu tatu kila dakika. Kesho yake tanuri likafunguliwa, mzee akagonga kikombe cha kwanza, kikalia mlio mwembamba wa kupendeza. "Kinaishi!" Akagonga cha pili, cha tatu, akakigonga tena cha kwanza kwa raha tu. Kitinda alijisikia mtu kati ya watu. Hakuna cheti kilichowahi kumpa furaha ile.

Kisha ikaja kazi kubwa. Mama Maua, mwenye kitalu cha miche chini ya barabara, alitaka mitungi ya kuwekea maji ya kumwagilia, mipana, yenye tumbo. Mzee aliifinyanga wiki nzima. Siku ya kuipanga tanurini alimshika binti yake mkono.

"Hii usiikimbize, mama. Ina ukuta mnene. Ukiikimbiza inapasuka. Mara mbili ya muda wa vikombe, na usiisogeze karibu na kuta wala pembe za tanuri. Acha vidole vinne."

"Sawa, Baba."

Kitinda akafuta dakika mia mbili na hamsini, akaandika mia tano. Hakugusa kitu kingine. Asubuhi akawasha, akaenda kazini, na jioni simu ikamwambia kazi imekamilika. Tanuri likaachwa lipoe. Siku iliyofuata aliporudi kutoka ofisini alikuta limeshafunguliwa na liko tupu.

"Baba, umeshagonga?"

"Nimeshagonga."

"Bila mimi?"

"Ulichelewa. Inaishi yote. Mama Maua kaja na mkokoteni, kachukua, kafurahi huyo!"

Awamu ya pili ya mitungi ikaenda vivyo hivyo. Tena Kitinda akakuta tanuri tupu, tena mzee akasema inaishi yote. Na si hapo tu. Mzee alikuwa amebadilika tabia. Kitinda aliunguza maharage, mzee akasema yana harufu nzuri ya moshi. Akatia sukari nyingi kwenye chai, mzee akasema leo ndiyo umepatia. Kila kitu kizuri, kila kitu ahsante mama. Mwenzangu, mzee mkali akiwa mpole ghafla usishangilie. Kitinda yeye alishangilia. Alidhani baba yake ameridhika.

Alhamisi ya wiki ile ya mwisho, akitoka kazini, alipita mbele ya kitalu. Mama Maua alikuwa ameshika ndoo ya plastiki iliyopasuka, anaitukana kwa sauti.

"Kitinda! Afadhali nimekuona. Hivi mitungi yangu itakwisha lini?"

Kitinda alicheka, akidhani ni utani. "Si umeshaichukua?"

"Niichukue wapi? Nimekwenda mara mbili na mkokoteni wangu, mara mbili babako ananiambia bado, rudi wiki ijayo. Sisemi kitu, yule mzee namheshimu. Lakini miche hainywi heshima, inakunywa maji."

Kitinda aliaga. Miguu ilimpeleka nyumbani haraka kuliko alivyotaka. Mzee alikuwa mbele ya karakana anakanda udongo, akaitika salamu yake kwa uchangamfu. Kitinda akapita moja kwa moja mpaka chumba cha nyuma, ambako hakuna anayeingia tangu gurudumu la zamani livunjike. Kulikuwa na magunia. Akayafunua.

Mitungi yote ilikuwa pale, awamu zote mbili, imepangwa kwa uangalifu, mdomo juu. Kitinda akakunja kidole cha kati, akagonga mmoja ubavuni. *Pu.* Akagonga mwingine. *Pu.* Kama kugonga boksi la karatasi. Akachota kikombe cha maji, akamimina ndani, akangoja. Maji yakanywewa, ukuta ukawa mweusi, na baada ya muda mfupi alipobonyeza kwa dole gumba, dole likazama. Ule haukuwa mtungi bado. Ulikuwa udongo uliopashwa moto ukaachwa njiani.

Alikaa chini, akashika tama. Aibu ndiyo ilikuja kwanza, ya kazi yake mbovu. Ikafuata hasira: mtu aliyewaliza mafundi wazima kwa sababu ya ufa mwembamba kama unywele, leo anamdanganya yeye, mwanawe wa kumzaa, na magunia juu! Kisha ikaja hofu, na hofu ndiyo iliyobaki. Jumapili Kaka anakuja. Atagonga mtungi mmoja tu, maana naye alilelewa humu, anajua kusikiliza. Atasema twende, Baba. Na atakuwa na haki.

Hakumwendea baba yake. Alijua akienda wakati ule atasema maneno ambayo hayatarudi mdomoni. Akaenda kwenye kompyuta.

Kumbukumbu za kipimajoto zilikuwepo, hakuwa amewahi kuzifungua kwa sababu ujumbe ulisema kazi imekamilika, na nani anakagua kazi iliyokamilika? Joto lilikuwa limepanda mpaka nyuzi mia tano na ushee, likaishia hapo. Tanuri zima, nyaya nzima, kipimajoto kizima. Basi akaiamuru skripti ioneshe hesabu yake hatua kwa hatua. Nyuzi mia saba na hamsini, gawanya kwa dakika mia tano. Jibu likatokea kwenye kioo:

*1*

"Moja?" Kitinda alisema kwa sauti. "Moja na nusu, we mwehu!"

Lakini mashine haikuwa na wehu wowote. Lugha ile ya amri haijui desimali. Inajua namba nzima tu, na ikigawanya ikapata kipande, haikipandishi wala haikionei huruma, inakikata na kukitupa, halafu inaendelea na safari bila kusema neno. Tatu kamili ya vikombe ilikuwa haina kipande, ndiyo maana vikombe viliiva. Moja na nusu ya mitungi ikawa moja. Kila dakika nusu nyuzi ilidondoka, na dakika zilipoisha mitungi ilikuwa imepungukiwa moto nyuzi mia mbili na hamsini. Na jambo lenyewe Kitinda alilijua! Alifundishwa siku za mwanzo kabisa za masomo. Ofisini alitumia lugha nyingine inayotoa desimali bila kuombwa, akazoea kudekezwa, akasahau kwamba hii nyingine ni ya kizamani.

Alijaribu kuiandikia moja nukta tano moja kwa moja. Ikagoma, ikatoa ujumbe wa kosa. Kumbe hata nukta yenyewe ni mgeni kwake. Basi akaipa msaidizi. Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na programu ndogo ya kikokotoo, isiyo na mbwembwe, inayokubali kuambiwa: nataka tarakimu mbili baada ya nukta. Akaitoa hesabu yote kwenye skripti, akaipeleka huko: kugawanya, kujumlisha, hata kulinganisha joto lililopo na linalotakiwa. Skripti ikabaki na kazi ya kutuma na kupokea. Akauliza tena swali lile lile.

*1.50*

Alilitazama lile jibu kwa muda. Ndipo akanyanyuka kwenda kwa baba yake.

Mzee alikuwa bado anakanda. Kitinda alikaa kwenye kigoda mbele yake.

"Baba, nimeingia chumba cha nyuma."

Mikono ya mzee ilisimama. "Ah," akasema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini?"

"Neno lako! Umekufa! Neno moja tu, umewaambia watu wote humu, mimi ukaninyima. Umenifichia uozo wangu kama mtoto aliyekojoa kitandani."

Mzee aliufunika udongo kwa kitambaa kibichi, polepole, akipapasa kingo zake. Alipozungumza sauti yake haikuwa ile ya ukali wala ile mpya ya upole.

"Mwanafunzi nikimwambia kimekufa ananuna, anakwenda zake, kesho anarudi. Na asiporudi, shauri yake, mimi nilikuwa na macho yangu. Sasa wewe nikikuambia, ukanuna, ukasema basi, Baba, mpigie Kaka... mimi nitabaki na nani wa kunisomea moto?" Akajifuta mikono. "Niliogopa, mama. Sijawahi kuogopa chungu maishani mwangu, lakini ile mitungi niliiogopa."

Kitinda alimwona akilini baba yake akiwa peke yake na tanuri lililofunguliwa, anagonga, anasikia *pu*, anabeba mtungi kifuani kwa kupapasa ukuta, anarudi kuchukua mwingine. Machozi yakamtoka, naye hakuyazuia, kwa kuwa mzee hakuyaona. Lakini mzee aliyasikia.

"Usilie. Kosa lilikuwa wapi?"

Kitinda alimweleza. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, shingo imeinama upande kama anavyosikiliza vyombo.

"Nusu kila dakika," akasema. "Loo. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba ndiyo humaliza kibaba." Kisha akauliza, "Na hilo jizee la kompyuta halikusema kitu?"

"Halikusema. Lilitupa nusu, likatangaza kazi imekamilika."

"Basi tulikuwa wawili," mzee akasema.

Jioni ile ile, kabla jua halijazama, Kitinda aliitoa mitungi chumba cha nyuma mmoja mmoja, akaileta mbele ya baba yake. Mzee akagonga kila mmoja, akatoa hukumu kwa sauti, kama zamani. Umekufa. Umekufa. Umekufa. Na Kitinda akabeba mwenyewe mpaka kwenye lundo na kuvunja. Kazi ya siku nyingi za mikono ya mzee ikarudi kuwa udongo, naye amesimama mlangoni anasikiliza, hakukunja uso. Wa mwisho ulipovunjika aliuliza, "Umechoka?" Kitinda akasema amechoka. "Vizuri. Ndivyo inavyotakiwa."

Mitungi mingine ilikuwa imeshakauka kwenye rafu, inangoja. Jumamosi asubuhi waliipanga. Safari hii Kitinda hakwenda popote. Alikaa na kompyuta kutwa nzima, akimsomea baba yake joto kama mtu anavyosoma barua ya ndugu, na nusu zote zilikuwemo. Dakika zilipoisha, kipimajoto kilisimama pale pale kilipotakiwa kusimama. Wakafunga kila kitu, wakaliacha tanuri lipoe lenyewe.

Kaka alifika Jumapili mchana. Aliegesha gari nje ya karakana, mlango wake wa nyuma ukiwa umeshafunguliwa, kiti kimesafishwa. Alimsalimu baba yake kwa adabu zote, akampapasa Kitinda kichwani kama enzi za utoto, akasimama mbele ya tanuri na funguo za gari mkononi.

"Haya. Fungueni."

Kitinda akafungua. Joto lililobaki likawapuliza usoni. Akatoa mtungi wa kwanza, akauweka mbele ya mzee. Mzee akakunja kidole, akagonga. Mtungi ukalia mlio mzito, mrefu, ukazunguka karakana nzima kabla ya kunyamaza.

"Unaishi," mzee akasema.

Wa pili ukalia. Wa tatu ukalia. Kaka alikuwa ameacha kuchezea funguo. Akaleta wa nne. Mzee akagonga, akainamisha shingo, akagonga tena mahali pengine, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

Kaka akamtazama Kitinda. Kitinda akamtazama baba yake. Ilikuwa rahisi sana kusema unaishi. Mitungi mitatu ilikwishalia, gari lilikuwa mlangoni, na kati ya watatu wale mzee ndiye aliyekuwa na cha kupoteza.

"Huu umekufa," mzee akasema. "Una ufa huku, upande wa pembe. Umeusogeza ukutani! Nilikuambia vidole vinne, nikarudia vidole vinne! Una masikio au una mapambo? Unajua kuifundisha kompyuta kugawanya, lakini kuacha nafasi ya vidole vinne kunakushinda!"

Kitinda alisimama na mikono yake mitupu, uso umemwiva, na furaha ikampanda kutoka tumboni mpaka akaona aibu nayo. Baba yake alikuwa amerudi. Alikuwa anamfokea mbele ya watu, na hakuwa anamwogopa tena.

"Nimekosa, Baba," akasema.

"Umekosa, ndiyo. Kauvunje."

Kitinda akauinua mtungi, akaukumbatia kifuani, akaelekea nyuma. Kaka akampisha. Na yeye aliwahi kuibeba mizigo ya namna ile akiwa mdogo, na uso wake ulionesha kwamba anakumbuka. Akazitia funguo mfukoni, akavuta kigoda, akakaa.

"Baba," akasema, "mimi nitarudi peke yangu."

"Nani alikuuliza?" mzee akajibu. "Lete wa tano."

Huko nyuma mtungi ulianguka juu ya lundo, ukavunjika. Mzee akasikiliza mpaka kigae cha mwisho kilipotulia, kisha akapaza sauti kuelekea mlango wa nyuma:

"Na vigae usiviache njiani, Kitinda! Humu ndani kuna kipofu!"